Ua Usiokuwa na Mlango

Kabla hapajajengwa, pale palikuwa kiwanja cha malori, na kiwanja kilikuwa mali ya baba yangu na ami yangu, nduguye mdogo. Walikirithi kwa baba yao. Kilikuwa Kisauni, kando ya barabara inayoteremka kwenye daraja la kuelea, na malori yaliyotoka kaskazini na nazi, makaa, mchanga au mawe ya Mwakirunge yaliingia pale kungoja zamu ya kuvuka kwenda kisiwani. Madereva walilipa kidogo kwa kuegesha, ami akakusanya, na ndugu wawili wakagawana bila maneno. Kwa miaka mingi hakuna aliyefikiri kuwa ardhi ile ingeweza kuwa kitu kingine.

Nyumba yetu ilipakana na kiwanja. Nilikuwa nimemaliza skuli ya wasichana, nimekaa nyumbani kungoja kuolewa, kama ilivyokuwa desturi ya watu wetu. Mchumba alikwisha kujulikana. Alikuwa mtoto wa kwanza wa ami yangu. Sikumpenda wala sikumchukia. Tulikua pamoja, na jambo lenyewe lilisemwa tangu sijui maana yake. Basi asubuhi zangu nyingi zilipita dirishani. Udongo wa kiwanja ulikuwa mweusi kwa oili. Mvua ikinyesha, madimbwi yaling'aa rangi rangi kama shingo ya njiwa, na harufu yake ikaingia hadi jikoni.

Katikati ya malori yale alikaa mama mmoja wa Kirabai akiuza muhogo wa kuchemsha na chai. Madereva walimwita Mama Muhogo, nasi tukamwita hivyohivyo. Mumewe alichonga mawe kwenye timbo la Mwakirunge, na alirudi Jumamosi akiwa na vumbi jeupe hadi kwenye kope. Walikuwa Wakristo. Baba aliwaruhusu kukaa kwenye kibanda cha makuti nyuma ya kiwanja, karibu na mlango wetu wa uani, na kupitia mlango ule mama yangu na Mama Muhogo wakawa marafiki. Sijui ulianzaje. Ninachokumbuka ni kuwakuta wote wawili wamekaa chini, ungo wa mchele katikati yao, wakichagua mawe na kuzungumza kwa sauti ndogo mambo ambayo yalikatika nilipoingia.

Mama Muhogo alikuwa na binti wa miaka minne hivi. Mtoto yule alizoea kulala mchana kwenye kivuli cha malori. Adhuhuri moja dereva aliamka usingizini, akapanda lori lake na kurudi nyuma. Mimi nilikuwa dirishani. Sikuona kitu, nilisikia tu watu wakipiga kelele, "Simama! Simama!" halafu sauti ya Mama Muhogo ambayo haikuwa na maneno ndani yake.

Baba alitoka mbio bila viatu. Alimbeba mtoto mwenyewe, akapanda naye lori jingine, wakavuka daraja kwenda hospitali ya mjini. Aliporudi magharibi kanzu yake ilikuwa imeganda damu kifuani. Mama akamwambia aivue ifuliwe. Akasema, "Iache kwanza." Akakaa barazani nayo.

Mtoto alipona, lakini mguu mmoja ulibaki mgumu, haukunjiki gotini. Alipoanza kutembea tena aliuzungusha mguu ule kwa nje kama anayefungua lango. Baba hakuweza kumtazama. Kila alipomwona anakuja aligeukia upande mwingine, akajifanya kutafuta kitu mfukoni.

Hakukupita muda mrefu akamwita ami yangu. Mimi ndiye niliyewapelekea kahawa, nikabaki nyuma ya pazia.

"Nataka kuyatoa malori," baba alisema. "Nijenge nyumba. Maduka chini, vyumba vya kupangisha juu."

"Hilo, kaka, mtu mwenye akili hawezi kulikataa," ami akajibu. Alikuwa mtu mchangamfu, mpenda manukato, na mwenye haraka katika kila jambo.

"Na katikati niache ua. Mkubwa, wenye mfereji wa maji na mabaraza ya kukalia. Wazi kwa barabara."

Ami akacheka. "Ua wazi kwa barabara? Ua ni wa ndani, kaka. Ua ni wa wanawake. Utaufunguaje kwa watu?"

"Ua wa nyumba yangu ni wa ndani. Huu si wa nyumba yangu. Ni wa watu."

"Watu gani?"

"Wapitao. Wapangaji. Watoto. Mtoto apate mahali pa kulala mchana asikanyagwe."

Ami akaweka kikombe chini, akasema, "Kiwanja ni chetu sote wawili, lakini wewe ndiye mkubwa. Fanya."

Madereva walikasirika. Walikuwa wamezoea pale, wengine tangu kabla sijazaliwa, na sasa waliambiwa wakaegeshe upande wa pili wa barabara, kwenye ukanda mwembamba usiokuwa na kivuli. Mmoja wao alikuja hadi barazani kwetu akasimama mbele ya baba. "Mzee, mmoja wetu kakosea, umetufukuza sote." Baba akamjibu kuwa hakumfukuza mtu, anajenga. Dereva akatema mate pembeni, si kwa baba lakini si mbali naye, akaenda zake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuutoa ule udongo mweusi. Fundi alisema chokaa haitashika juu ya oili. Wakachimba hadi kifuani, na bado chini ulikuwa unanuka. Siku za jua kali mama alifunga madirisha yote ya upande ule. Udongo mpya uliletwa na malori yaleyale yaliyoondolewa, na mawe ya kuta yalitoka Mwakirunge. Mume wa Mama Muhogo alipenda kuonyesha kwa kidole: lile nimelichonga mimi, na lile pale. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa na kikohozi ambacho wakati huo hatukukijali.

Nyumba ilipoinuka, baba alikuwa pale kila asubuhi kabla hajavuka kwenda dukani kwake, ambako aliuza boriti na chokaa. Niliruhusiwa kufuatana naye, buibui mwilini. Ilijengwa pande tatu, na upande wa nne, wa barabarani, ulikuwa safu ya maduka yenye njia pana katikati ya kuingilia uani. Fundi alipofika pale akauliza, "Bwana mkubwa, fremu ya mlango niiweke wapi?"

"Usiweke."

"Nafasi yote hii bila mlango?"

"Hapana mlango hapa," baba akasema, na Mama Muhogo, aliyekuwa amewaletea mafundi chai, akamtazama. Baba akamgeukia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali kumsemesha uso kwa uso. "Mama, chumba cha kwanza juu ni chako na mumeo. Na hapa utapita wakati wowote, wewe na mwanao na watu wako. Hapatakuwa na mlango."

"Ahsante, mzee," alisema. Akainamia birika lake, akamimina chai hadi kikombe kikafurika.

Mwanzoni pale palikuwa na raha, na nataka niiseme, kwa sababu watu waliosikia mwisho wake tu hudhani haikuwapo. Maji ya mfereji yalikuwa bure. Wanawake walikuja na madebe hata kutoka Mkomani. Wazee waliotoka msikitini walikaa kwenye mabaraza pamoja na vibarua waliokuwa wakisubiri kuvuka, na chini kulikuwa na kinyozi, mshona nguo, duka la unga na jingine la mafuta ya taa. Juu walipanga watu wa kila namna: Waswahili wenzetu, Wagiriama, Wataita, karani mmoja wa bara na mkewe aliyekuwa na aibu hata ya kuanika nguo. Mama Muhogo alipewa pembe moja ya ua kuweka jiko lake. Binti yake alijifunza kuruka kamba kwa mguu mmoja, akawashinda wenye miwili. Baba akaanza kumtazama tena.

Halafu zikaja siku za siasa. Uhuru ulikuwa unakaribia na kila mtu alikuwa na neno lake juu ya pwani. Wako waliosema mwambao huu ni wa Sultani na bendera yake nyekundu tangu mababu, hauwezi kuunganishwa na bara, na wako waliosema nchi ni moja na anayekataa aondoke. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa mikono miwili wakawa wanasalimiana kwa vichwa. Ami yangu alilishika jambo la mwambao kwa haraka yake ileile. Alihudhuria mikutano, akarudi na sauti imekauka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake haikuwa ya uongo yote. Mashamba ya watu wetu yalikuwa yakisemwa waziwazi barabarani, kwamba siku ikifika yatachukuliwa na wanaoyalima.

Siku moja akaja kwa baba. "Kaka, umeketi pale uani hivi karibuni ukasikiliza? Wanagawana. Mmoja anasema atachukua duka lile, mwingine chumba kile."

"Mzaha wa vijana."

"Mzaha ndio unaotangulia. Tia mlango, kaka. Angalau wa usiku. Juzi kaibiwa mtu nguo kwenye kamba."

Hilo la nguo lilikuwa kweli. Mke wa karani alilia kutwa. Baba alifikiri kwa siku kadhaa, kisha akaita fundi. Lango likatiwa, la mbao nzito, na mnyororo. Baba aliwaendea wapangaji mmoja mmoja akiwaeleza kuwa ni la usiku tu, kwa ajili ya wezi. Mama Muhogo alimsikiliza akasema, "Sawa, mzee." Mama yangu aliposikia, jioni ile chakula cha baba alimpa mtumishi ampelekee.

Wakati huo mume wa Mama Muhogo alikuwa amekwisha kuacha timbo. Kifua kilikuwa kimejaa. Alikaa uani mchana kutwa, mgongo ukutani, akivuta pumzi kwa mabega. Nilipopita nilimwamkia, "Shikamoo," naye akainua mkono, kwa sababu sauti ilikuwa kazi. Alifariki asubuhi chumbani kwake juu. Tulijua kwa kusikia wanawake wa Kirabai wakianza kulia, na mama yangu akaacha alichokuwa anafanya, akafunika uso kwa mikono.

Ilikuwa mwezi wa Mfungo Sita, na ami alikuwa amekwisha kuwaalika watu maulidi pale uani. Majamvi yalikuwa yameshaletwa. Mama Muhogo alimtuma kaka yake kwa baba kuomba ruhusa: watu wa kanisa lao wangekuja mchana ule, waimbe na kusali uani, kisha maiti apandishwe lori apelekwe Rabai kuzikwa. Ni saa chache tu. Baba akasema, "Ua ni wenu. Mwambie dada yako nampa makiwa." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Kaka mtu hajafika hata mbali, ami akaingia na wazee watatu wa ukoo wetu. Sikuwahi kumwona ami bila manukato, ila siku hiyo.

"Ni kweli umewaruhusu?"

"Kweli."

"Nyimbo za kanisa. Kwenye majamvi ya maulidi."

"Majamvi yatakunjwa. Mtu amefiwa."

Mmoja wa wazee, aliyekuwa mjomba wa baba, akasema polepole, "Hatukatai kufiwa. Wafanye huko kwao. Lakini leo, wakati huu, watu wote wanatutazama. Wakiimba leo uani kwako, kesho watasema waliimba kwa haki, na kesho kutwa ni kwao."

"Nimekwisha toa neno," baba alisema.

Ami akainama karibu naye. "Basi lisikilize na langu, kaka. Ukiwaacha, posa ya mwanangu imekufa. Na sisi hatutakanyaga kwako tena, kwa kheri wala kwa shari. Ukifa utafute hao wakuzike."

Nilikuwa nyuma ya pazia lilelile. Nilingoja baba aseme kitu. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa baba yangu alikuwa mwoga wa jambo moja tu duniani, nalo ni kubaki peke yake. Alizungusha tasbihi yake mara nyingi. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo nilidhani si yake, "Basi lango lifungwe, mpaka maiti aondoke tu. Kisha lifunguliwe."

Ami mwenyewe ndiye aliyekwenda kulifunga. Tulisikia mnyororo.

Sasa ijulikane kuwa vile vyumba vya juu vilikuwa na ngazi kubwa inayoshukia uani, na nyingine ya nyuma, nyembamba, ya kuteremshia taka kwenye kichochoro. Lango likifungwa, njia ilibaki hiyo. Watu wa kanisa walikuwa wamekuja na sanduku, wakalipandisha kwa shida ngazi ya nyuma likiwa tupu, wakilisimamisha wima kwenye kona. Likiwa na maiti halikuweza kukata kona. Walijaribu. Sauti za wanaume wakiambiana inua, shusha, rudisha, zilitufikia jikoni. Mwishowe wakamtoa sandukuni, wakamfunga kwa shuka na mkeka, wakamshusha kwa mabega na mikono, mmoja akimpokeza mwenzake, kama unavyoshusha mzigo kutoka juu ya lori. Wakamlaza tena sandukuni kule barabarani, mbele ya watu wapitao.

Hapakuwa na mahali pa kukaa ila upande wa pili, kwenye ukanda wa malori. Madereva waliokuwa wamelala wakaamka. Yule aliyewahi kutema mate mbele ya baba alilisogeza lori lake, akawafanya wenzake wasogeze yao, wakazima injini zote. Waombolezaji wakakaa chini katikati ya magurudumu, na hapo wakaanza kuimba.

Mama yangu alikuwa amesimama karibu na dirisha langu. Alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi, katika ndoa yake yote, kutoka nje bila kumwambia baba. Akageuka.

"Chukua buibui lako," aliniambia.

"Mama, baba—"

"Nimesema chukua buibui lako."

Tulitoka kwa mlango wa mbele, tukapita barazani ambako baba, ami na wale wazee walikuwa wamekaa. Mama hakuwatazama. Ami akasema, "Shemeji, unakwenda wapi?" Mama akaendelea. Baba akainua uso, na mimi nikautazama, na laiti nisingeutazama. Hakutukataza.

Kuvuka ile barabara ilikuwa hatua chache, lakini nilihisi kila dirisha la Kisauni limefunguka. Jua lilikuwa kali, na ardhi pale ilikuwa imeanza kuwa nyeusi kwa oili kama ile ya zamani. Mama akamwendea Mama Muhogo, akakaa chini mchangani na buibui lake safi.

"Makiwa, mwenzangu."

Mama Muhogo alikuwa ameshika ukingo wa sanduku kwa mkono mmoja. Baada ya muda akauondoa, akautia mkononi mwa mama, basi. Binti yake alikuja akakaa kati yangu na sanduku, mguu ule mgumu umenyooshwa mbele, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, mbona baba katolewa nje ya sanduku?"

Nikamwambia, "Ngazi ilikuwa nyembamba."

"Na ile kubwa?"

Nikamwekea mkono begani.

Tulikaa mpaka lori lilipoondoka. Lilikuwa la yule dereva, alikataa kulipwa.

Posa ilivunjwa siku ileile. Ami alituma mtu, hakuja mwenyewe. Sitasema nililia kwa ajili ya mchumba, lakini nililia, maana nyumba ilikuwa imepata msiba wa aina yake na hakuna aliyekuja kutupa pole. Maulidi yalisomwa kwingine. Baba alilifungua lango asubuhi yake, akaliacha wazi mchana na usiku, wezi wawepo wasiwepo. Haikusaidia. Mabaraza yalibaki matupu. Wanawake walichota maji wakaondoka bila kuyatua madebe. Warabai na Wagiriama waliokuwa wamepanga wakahama mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kila mmoja na sababu yake: mtoto mgonjwa, shamba, chumba cha bei nafuu. Mama Muhogo alirudi kutoka mazikoni, akachukua jiko lake na vyombo, akaenda Mwakirunge kuponda kokoto pamoja na wanawake wengine wa timbo. Kwa baba aliacha salamu.

Nyumbani mama na baba walizungumza yaliyo lazima. Hawakugombana. Afadhali wangegombana.

Miezi ikapita hivyo. Siku moja baba akamwambia mama, "Nataka kwenda kumwona." Mama akajibu, "Nilidhani hutasema." Tukaenda sote watatu kwa basi, kisha kwa miguu kwenye njia nyeupe ya mawe. Tulimkuta amekaa juu ya gunia, nyundo mkononi, rundo la kokoto mbele yake. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi kama za mumewe. Alituona, akaweka nyundo chini, akajipangusa mikono kwa leso. Alituletea maji. Alimpa baba kigoda chake pekee.

Baba alikuwa ameandaa maneno; nilimsikia akiyapanga njia nzima. Yote yalimpotea. Akasema tu, "Mama, nimekukosea."

"Najua, mzee."

"Lango liko wazi. Chumba chako sijampa mtu. Rudi."

Mama Muhogo aliichukua kokoto moja akaigeuza vidoleni. "Mzee, mimi nimefungiwa milango mingi. Mtu akikufungia, unazunguka, unatafuta njia nyingine. Sikasiriki. Lakini wewe hukunifungia tu. Wewe ulikwisha niambia hapana mlango, nami nikaamini, nikamwambia mume wangu, naye, hata lile lango la usiku lilipotiwa, akafa akiamini. Siwezi kurudi nikaanza kuutazama ule mlango kila siku kama umefunguliwa."

"Nitaung'oa."

"Ung'oe, mzee. Ni vyema kwa wengine."

Hakulisema kwa ukali. Alimwuliza habari za afya yake, akamwuliza mama kama mgongo bado unamsumbua. Tulipoaga alitusindikiza hadi barabarani. Mama akabaki nyuma naye kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaziona nyuso zao zimekaribiana, wakinong'onezana. Baada ya hapo mama alikwenda kumtembelea kila alipoweza, na hakumwomba baba ruhusa.

Baba aliling'oa lango. Ami alipoona hivyo akadai sehemu yake, na kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha wote wawili, hakuna aliyeweza kumzuia. Wakaleta wapimaji, ukajengwa ukuta katikati ya ua, mrefu kuliko mtu, na mfereji ukaangukia upande wa ami. Yeye alitia lango lake. Ndugu wale wawili waliishi hivyo, ukuta baina yao, wakisalimiana msikitini.

Mimi niliolewa na mtu mwingine, mwalimu wa Mkomani, ambaye wazazi wake hawakuuliza mengi. Uhuru ukaja. Bendera ikabadilishwa, watu wakacheza barabarani hadi darajani, na wengine katika ukoo wetu wakafunga madirisha. Mashamba hayakuchukuliwa siku ile, wala hofu haikuisha.

Baba aliuvuta mfereji mpya upande wake. Nusu yake ya ua ilikuwa ndogo, lakini wageni walipoanza kumiminika kutoka bara kutafuta kazi bandarini, wengi wao walipita pale, wakanywa, wakapumzika, na vyumba vikajaa tena. Hawa hawakujua lolote lililotokea. Waliona tu mzee wa kanzu aliyewaachia watu maji na kivuli bure.

Siku moja nilikuja kumtazama, mtoto wangu wa kwanza mgongoni, nikamkuta kwenye baraza. Kijana mmoja, bado na furushi lake la safari, alikuwa amemaliza kunawa uso. Akamwendea baba akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, Mungu akubariki. Huko nilikopita kote sijaona mtu mwenye moyo kama wako."

Baba akautoa mkono wake taratibu. Akasema anakwenda kuswali, akainuka, akaingia ndani, na adhuhuri bado ilikuwa mbali.